Kete Zinaisha Ingawa Hesabu Inaonekana Sahihi: Kutafuta Kosa katika Mikono ya Poka Inayosubiri Karata

Katika meza za poka za hapa Mwanza, kuanzia vibaraza vya Nyegezi na Malimbe wanakoishi wanafunzi hadi nyumba za Kirumba ambako watu huketi jioni baada ya shughuli za mwaloni kupungua, lalamiko linalosikika mara kwa mara ni moja. Mchezaji amejifunza kukokotoa uwezekano wa kupata karata anayoihitaji, anafuata dau pale tu hesabu inapomruhusu, na bado kete zake hupungua wiki baada ya wiki. Lawama hutupiwa bahati. Kwa maoni yangu, bahati haistahili kulaumiwa kabla hesabu yenyewe haijakaguliwa, kwa sababu hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na wakati huohuo ikawa imejibu swali ambalo halikuulizwa mezani.

Mwongozo huu unahusu aina ya poka iitwayo Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunguliwa katikati ya meza: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kete zote zilizowekwa katikati nitaziita fungu. Mkono unaosubiri ni ule ambao bado haujashinda lakini utashinda ikija karata fulani, na karata hizo nitaziita karata za kukamilisha. Sehemu yako ya fungu ni kiasi ambacho mkono wako ungekupatia kwa wastani endapo hali ileile ingerudiwa mara nyingi mno na kuchezwa hadi mwisho; ukiwa na uwezekano wa asilimia 35 wa kushinda fungu la kete 100, sehemu yako ni kete 35. Kete hizo 35 huwezi kuzichukua na kuondoka nazo. Ni kipimo cha kulinganisha na gharama, wala si mali.

Mifano yote hapa ni ya kete tupu, iwe ni kokwa za bao au vifuniko vya soda. Anayecheza kwa fedha anapaswa kujua kwamba nchini Tanzania michezo hiyo iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na hairuhusiwi kwa aliye chini ya umri wa miaka 18.

Dalili: Unatupa karata mbele ya madau ambayo wenzako wanayaona nafuu

Anza na bei, kwa kuwa kosa lake ndilo jepesi kuligundua. Fungu lina kete 40, mpinzani anaweka dau la kete 40, nawe unatakiwa kulipa 40 ili uendelee. Wapo wanaosema kwamba wanalipa 40 ili kupata 80, kwa hiyo wanahitaji nusu ya uwezekano. Wengine hugawanya 40 kwa 40 na kubaki wamechanganyikiwa. Hesabu iliyo sahihi huweka malipo yako juu, na chini huweka fungu lote litakavyokuwa ukishalipa: 40 gawanya kwa 120, yaani asilimia 33.3. Dau la nusu ya fungu linahitaji asilimia 25, na dau la theluthi ya fungu linahitaji asilimia 20. Bei hizo tatu zinatosha kukariri, kwa kuwa madau mengi huangukia karibu nazo.

Chanzo kingine cha dalili hii ni kuchanganya uwiano na asilimia. Mtu anasikia kwamba bei ni tatu kwa moja, kisha anaamini kuwa anahitaji theluthi moja. Tatu kwa moja maana yake ni kupoteza mara tatu kwa kila ushindi mmoja, jumla ni mara nne, kwa hiyo kinachohitajika ni robo. Ni vyema kuchagua njia moja na kubaki nayo mchezo mzima.

Dalili: Una asilimia 35 kila mara, lakini mkono wa flashi unakufilisi

Hapa ndipo penye tatizo kubwa, na ningeomba msomaji atulie hapa kuliko pengine pote.

Una karata mbili za kopa, na katika tatu zilizofunguliwa mezani mbili ni za kopa, hivyo unasubiri flashi, yaani karata tano za aina moja. Kopa ziko 13. Nne unaziona, kwa hiyo tisa zimebaki miongoni mwa karata 47 usizozijua. Uwezekano wa kopa kuja katika karata ya nne ni 9 gawanya kwa 47, yaani asilimia 19.1. Ikishindikana, uwezekano wa kuja katika ya tano ni 9 gawanya kwa 46, yaani asilimia 19.6. Uwezekano wa kuja angalau mara moja katika karata zote mbili ni asilimia 35.0. Namba hii ya mwisho ndiyo inayokaririwa na wengi, na ndiyo inayowaumiza.

Inawaumiza kwa sababu ni bei ya karata mbili inayolinganishwa na malipo ya karata moja. Chukua tena fungu la kete 40 na dau la kete 40. Bei ni asilimia 33.3, wewe una 35, unafuata kwa amani. Fungu sasa ni 120. Karata ya nne inafunguka na si kopa, naye mpinzani anaweka dau la 120. Bei ni ileile ya asilimia 33.3, ila uwezekano wako sasa ni asilimia 19.6 tu, kwani imebaki karata moja. Ukizitupa karata, ulilipa 40 kwa uwezekano wa asilimia 19.1 na si 35. Ukifuata, jumla umelipa kete 160 katika fungu ambalo mwishoni lina kete 360. Ili gharama hiyo ijirudishe unahitaji asilimia 44.4, nawe ulianza na 35. Njia zote mbili zinaelekea kwenye hasara, mradi mpinzani anaendelea kuweka dau na hakuna unachomwongezea ukipata flashi.

Kwa hiyo jiulize kila unapotaka kulipa: malipo haya yananinunulia karata ngapi? Asilimia 35 ni halali pale ambapo mmoja wenu ameweka kete zake zote, hivyo hakuna dau jingine litakalofuata na karata mbili utaziona bila kuongeza kitu. Ni halali pia pale unapojua kwa hakika kwamba mpinzani ataacha kuweka dau baada ya karata ya nne, jambo ambalo wapo wapinzani wanaolifanya, lakini usilichukulie kama haki yako. Katika hali nyingine zote tumia uwezekano wa karata moja.

Kanuni ya haraka inayofundishwa mezani, ya kuzidisha karata za kukamilisha kwa 2 kwa karata moja na kwa 4 kwa karata mbili, ni nzuri na ninaipendekeza, lakini huwafanya watu wazoee kile cha 4. Aidha, kwa karata nyingi hukuza mno: karata 15 mara 4 ni 60, ilhali uwezekano halisi ni asilimia 54.1. Karata zikizidi nane, toa kwenye jibu ile idadi iliyozidi nane. 60 toa 7 ni 53, ambayo iko karibu na ukweli.

Kwa mikono mingine namba ni hizi. Streti ni karata tano zinazofuatana kwa namba. Iliyo wazi pande zote mbili, yaani unazo nne zinazofuatana, ina karata nane: asilimia 17.0 kwa karata ya nne, 17.4 kwa ya tano, na 31.5 kwa zote mbili. Streti yenye pengo la ndani, yaani inayokosa namba moja ya katikati, ina karata nne: 8.5, 8.7 na 16.5. Anayefuata dau la nusu ya fungu kwa streti ya pengo analipa bei ya asilimia 25 kwa kitu cha asilimia 8.5, na sijaona maelezo yanayoweza kulifanya hilo kuwa jema isipokuwa mpinzani awe na kete nyingi sana za kumpatia.

Dalili: Karata uliyoisubiri inakuja, na bado unashindwa

Mnunuzi wa dagaa anajua kwamba gunia la dagaa walioanikwa mchangani halilipiwi kwa uzito wake wote, kwa kuwa sehemu ya uzito ni mchanga. Karata za kukamilisha nazo zina mchanga wake, na mchezaji anayehesabu tisa bila kuzipepeta atakuta hasara mwishoni hata kama mgawanyo wake ulikuwa sahihi.

Tazama mfano huu kwa makini. Una ree ya kopa na 6 ya kopa. Mezani zimefunguliwa mfalme wa kopa, 9 ya kopa na 4 ya pau. Ikiwa mpinzani ana mfalme wa pau na malkia wa uru, yaani jozi ya wafalme, basi mbali na kopa tisa hata ree tatu zilizobaki zinaweza kukupa ushindi. Nimezihesabu jozi zote 990 za karata mbili zinazoweza kufuata, na wewe unashinda katika 445, sawa na asilimia 44.9. Hiyo ni sehemu nono ya fungu, na kulitupa kila mara unapowekewa dau ni kuacha kete zako mezani.

Sasa badilisha karata za mpinzani tu. Ana 9 ya shupaza na 9 ya uru, hivyo tayari anazo 9 tatu. Ree haikusaidii tena chochote. Kopa ya 4 inakupa flashi, lakini inampa yeye fulu hausi, yaani karata tatu za namba ileile pamoja na jozi, ambayo inaishinda flashi yako. Hata ukipata kopa safi kwenye karata ya nne, ya tano inaweza kurudia namba iliyoko mezani na kukunyang'anya fungu. Katika zile jozi 990 sasa unashinda 244 pekee, sawa na asilimia 24.6. Karata zako hazikubadilika, meza haikubadilika, lakini sehemu yako ya fungu imeshuka kutoka asilimia 44.9 hadi 24.6 kwa sababu ya karata mbili usizoziona.

Funzo la vitendo ni kwamba sehemu ya fungu hukadiriwa dhidi ya aina za mikono ambayo mpinzani anaweza kuwa nayo, na njia pekee ya kuikadiria ni kufuatilia alivyocheza tangu mwanzo. Mchezaji mtulivu ambaye hajaongeza dau jioni nzima, kisha anaongeza maradufu mbele ya meza yenye kopa mbili, huenda ana kitu kizito kuliko jozi. Mpe uzito zaidi wa zile 9 tatu na ushushe kadirio lako. Yule anayeongeza karibu kila mkono mpe uzito wa jozi.

Mchanga wa pili uko katika flashi ndogo. Mwenye 6 na 3 za kopa anahesabu tisa sawa na mwenye ree, lakini mezani wakiwa wanne au watano, mmoja anaweza kuwa na kopa kubwa zaidi, na karata inayomkamilisha huyu humkamilisha na yule. Wachezaji wengi hufanya bei ionekane nafuu kwa kuwa fungu linakuwa kubwa. Kwa mkono mdogo unafuu huo mara nyingi ni wa macho tu. Vivyo hivyo kwa anayesubiri streti ilhali mezani kuna karata mbili za kopa: kati ya karata zake nane, mbili ni za kopa, na mbele ya mtu anayesubiri flashi ni busara kuhesabu sita.

Dalili: Unahesabu karata nyingi kuliko zilizopo

Una 9 na 8 za kopa, na mezani zipo 7 ya kopa, 6 ya kopa na 2 ya pau. Kopa tisa zinakupa flashi. 10 nne na 5 nne zinakupa streti. Wengi hujumlisha na kupata 17. Lakini 10 ya kopa na 5 ya kopa zimeshahesabiwa ndani ya zile tisa, kwa hiyo jumla halisi ni 15. Hata hivyo huu ni mkono mkubwa, na dhidi ya jozi ya kawaida mara nyingi wewe ndiye mwenye sehemu kubwa zaidi ya fungu.

Dalili: Unapunguza karata zilizo mikononi mwa wengine

Swali hili huulizwa na watu makini, nao wanastahili jibu makini. Mezani wapo sita, karata kumi zimo mikononi mwa wengine. Je, isigawanywe kwa 37 badala ya 47? Hapana. Karata usiyoiona inaweza kuwa popote, na kopa tisa zimetawanyika kati ya mikono ya wengine na karata zilizobaki kwa uwiano uleule. Ukipunguza karata kumi chini, ni lazima upunguze pia kopa zinazotarajiwa kuwa ndani yake juu, na jibu linabaki asilimia 19.1. Hali hubadilika tu pale unapoiona karata kwa macho, mathalani mgawaji anapoidondosha mezani ikafunuka. Ikiwa ni kopa, zimebaki nane kati ya 46, yaani asilimia 17.4.

Dalili: Unajitetea kwamba utalipwa mbele ya safari, lakini hulipwi

Bei ikikataa, wachezaji wenye uzoefu husema kwamba wakipata karata yao mpinzani atalipa zaidi, kwa hiyo hasara ya sasa itafidiwa. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haina budi kupimwa kwa namba. Baada ya karata ya nne fungu lina kete 60, mpinzani anaweka dau la 30, nawe unasubiri flashi. Katika karata 46 zinazoweza kuja, 37 zinakupotezea kete 30 kila moja, jumla 1,110. Tisa zinakupatia kete 90 kila moja, jumla 810. Pengo ni 300, na likigawanywa kwa zile tisa, unahitaji kumtoa mpinzani kete nyingine 34 hivi kwa wastani kila unapopata kopa.

Baada ya hapo mtazame mpinzani. Amebakiwa na kete ngapi mbele yake? Kama ni 20, hoja imekwisha, kwa maana hata akizitoa zote hazifikii 34, zitupe karata. Kama ni 200, jiulize ikiwa ni mtu wa kulipa pale kopa ya tatu inapofunguka mezani, kwa kuwa kila mtu huiona na wengi hunyamaza papo hapo. Streti hufichika vizuri zaidi kuliko flashi, na kwa sababu hiyo streti ya karata nane wakati mwingine huvuna kuliko flashi ya karata tisa. Kumbuka pia upande wa pili: flashi ndogo inayolipwa sana mara nyingi inalipwa na flashi kubwa.

Dalili: Umerekebisha yote hayo, na karata bado haziji

Uwezekano wa kuikosa kopa katika karata ya tano ni 37 gawanya kwa 46. Kuikosa mara tano mfululizo hutokea kwa takriban asilimia 34, na kuikosa mara kumi mfululizo kwa takriban asilimia 11. Kwa anayecheza mara kwa mara, misururu ya namna hiyo haikwepeki, na wala haimaanishi kwamba kopa imekaribia. Karata hazina kumbukumbu ya mkono uliopita, hivyo anayeongeza malipo kwa kuamini kwamba zamu yake imefika analipa ghali kwa uwezekano uleule wa asilimia 19.6.

Njia ya kutofautisha msururu na kosa ni kuandika. Katika daftari, kwa kila mkono uliosubiri flashi hadi karata ya tano, andika ulilipa ngapi, fungu litakuwa ngapi, karata safi ulizozihesabu, na kama kopa ilikuja. Hukumu uamuzi kwa safu tatu za kwanza peke yake. Safu ya mwisho iache hadi ifikie mikono 100, ambapo unatarajia kopa mara 20 hivi, na idadi yoyote kati ya 12 na 28 ni ya kawaida.

Ikishuka chini ya 12, zikague karata zenyewe. Jokari ziwe zimetolewa, na karata ziwe 52 kamili, 13 za kila aina. Pakiti ikipoteza kopa moja, nane zinabaki kati ya 45, na uwezekano wako umeshuka hadi asilimia 17.8 bila mtu kujua. Kagua pia uchangaji. Karata za karatasi zilizolowa unyevu na jasho hushikana, na kuchanga kwa kuhamisha mafungu kutoka mkono mmoja hadi mwingine huacha karata za mkono uliopita zikiwa bado jirani. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuchanga kwa kugawa pakiti nusu mbili na kuzichanganya kwa ncha huhitaji takriban mara saba ili karata 52 zichanganyike vya kutosha. Karata ambazo haziwezi tena kuchangwa kwa namna hiyo, au ambazo kona zake zimekunjika kiasi cha kutambulika kwa nyuma, zibadilishwe pakiti nzima, kwa sababu karata moja mpya kati ya zilizochakaa itajulikana ilipo kabla haijafunuliwa.